Jiwe la Kinole

Arobaini ya marehemu mume wangu ilipokwisha, watoto na wajukuu walikaa barazani kugawana vitu vyake, na kilichogombewa kuliko vyote kilikuwa wembe. Kila mmoja aliutaka wembe wa Babu. Waliufungua na kuukunja, wakayajaribu makali kwa ukucha kama walivyokuwa wakimwona akifanya, na mmoja akajikata, nami nikasema moyoni afadhali. Mawe yake ya kunolea hakuna aliyeyauliza. Yalikuwa pale pale dirishani yanapokaa siku zote, yamefunikwa kitambaa, na jioni nikamkuta mjukuu wangu mmoja amelichukua lile kubwa na kulitegea mlango wa jikoni ili upepo usiubamize. Nilimwita kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Nikamwambia kwamba jiwe hilo ndilo lililomlea baba yake, na kwamba wembe waliokuwa wakiupigania mchana kutwa, bila jiwe hilo ni kipande cha bati. Aliniomba radhi, ni mtoto mwenye adabu, kisha akauliza, "Kwani Bibi, jiwe si jiwe tu?" Simlaumu. Yeye ananyolea nyembe za paketi, zikiisha makali anatupa. Lakini swali lake lilinikera usiku na mchana, na nimeona nilijibu kwa kuandika, maana kwa mdomo ningelia.

Nilikuwa msichana niliyekwisha kuchezwa unyago na kutolewa mwali, nimeshushwa kutoka mlimani kukaa na mama mdogo huko Mwembesongo, mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro. Mji ulikuwa umejaa watu hata ukitaka kutema mate unatafuta mahali. Walikuwepo vibarua wa reli, askari wa boma, wenye maduka wa Kihindi, na wapagazi ambao bado hawakuamini kuwa gari la moshi litawanyang'anya mizigo yao. Wote walikula, na mama mdogo aliwapikia. Alikuwa na sufuria moja ya kisamvu cha nazi ambayo haikupata kupoa tangu asubuhi hadi magharibi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na chumba cha mbele kilichotazama njia alikuwa amempangisha kinyozi kutoka Bagamoyo aliyeitwa Omari. Mle ndani mlikuwa na kiti cha mbao, beseni la shaba, kioo chenye ufa, na ukanda wa ngozi wa kupigia wembe uliotundikwa msumarini. Jiko letu lilikuwa nyuma ya ukuta wake. Udongo wa ukuta ule ulikuwa umeanguka karibu na paa, fito zikaonekana, hivyo kila kilichosemwa chumbani kwa Omari mimi nilikisikia nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nilisikia kwamba reli itafika mpaka ziwani. Nilisikia nani amekimbia kodi na nani amekimbia mke. Mwanamume aliyepakwa povu hawezi kugeuza shingo, na nadhani ndiyo sababu husema mambo ambayo asingeyasema akimtazama mwenzake machoni.

Kuliko maneno hayo yote, nilipenda kusikia wembe ukinolewa. Kabla ya mteja wa kwanza Omari alililowesha jiwe lake, akaulaza wembe, mgongo na makali pamoja, akausukuma na kuurudisha bila haraka. Sauti yake ilikuwa moja, nyembamba, haina mkwaruzo. Nilikuwa sijamwona uso vizuri bado, lakini nilikuwa nimekwisha kumpenda kwa sauti hiyo, na sioni haya kuiandika nikiwa na umri huu. Nilipokuja kumwona nikimpelekea chakula, nilimkuta ni mtu mrefu, mpole, mwenye kukunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko. Alimnyoa mpagazi aliyetoka Kisaki na vumbi la njia nzima kwa utaratibu ule ule aliomnyolea karani wa boma. Nimeona mafundi wengi tangu wakati ule. Wengi huwa na mkono mwepesi kwa mtu mzito na mkono mzito kwa mtu mwepesi. Omari alikuwa na mkono mmoja tu.

Jiwe lake alilirithi kwa fundi wake aliyemfundisha kazi huko pwani. Siku moja mpagazi mmoja alishusha mlangoni mzigo wa ulanga, yale madini yanayomeremeta kama kioo, kutoka machimbo ya mlimani, ukamponyoka, ukaangukia sanduku la kazi, na jiwe likavunjika vipande. Niliacha nazi, nikachungulia. Mpagazi alikuwa ameganda, anangoja matusi. Omari akamwuliza, "Mguu wako haukuumia?" Kisha akarudi kummalizia mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kidevu ikiwa na povu. Jioni ndipo nilipomwona ameviweka vipande pajani akijaribu kuviunga, na nikajua kwamba ni msiba.

Ndipo alipoanza kutafuta jiwe jingine, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa jiwe si jiwe tu. Jivan mwenye duka alimletea jiwe la Kizungu lililofungwa kwenye karatasi, jeusi na laini. Omari alilidondoshea tone la maji akalitazama. Jiwe likiyanywa maji mara moja, alisema, lina njaa na litaula wembe. Likiyakataa kabisa, ni jiwe la kutazamwa, halifanyi kazi. Alitaka lile linalokunywa polepole, kama mtu mwenye heshima zake. Baada ya hapo alilisugua mpaka litoe uji, akauchukua uji ule kwa kidole na kuupitisha kati ya meno ya mbele, maana chembe ambayo kidole hakiioni meno yanaiona. Mwisho aliulaza wembe na kusikiliza. Siku hiyo alikuwa akijaribu jiwe lililookotwa mtoni, nami nyuma ya ukuta nikasikia kitu kidogo sana, kama jino linalogusa changarawe kwenye wali. Mdomo ukanitoka.

"Hilo bovu!"

Mama mdogo alinifinya paja.

"Nani amesema?" aliuliza Omari.

"Mtoto huyu hana adabu, Fundi," alisema mama mdogo kwa sauti. "Msamehe."

"Simsamehi. Namwuliza amesikia nini."

Nilimwambia. Alilisugua tena jiwe lile, akautia uji wake menoni, akasema, "Kweli bwana, ipo." Akalitupa nje. Tangu hapo kila alipopata jiwe jipya aligonga ukuta na kusema, "Mwajuma, sikiliza," nami nilisikiliza na kumjibu. Mama mdogo alikuwa akicheka akigeuzia uso moto. Uchumba wetu ulikuwa huo, wala sikuletewa shada la maua. Mtu alinigongea ukuta akitaka kujua nasikia nini.

Mawe yote yalikuwa mabovu. Wembe ulianza kuwatoa watu damu, wengine wakaamka na vipele, na vibarua wa reli wakahamia kwa kinyozi mwingine karibu na stesheni. Omari akanyoa wachache, kisha wachache zaidi. Alikuwa amekwisha kumwambia mama mdogo kwamba anataka kunioa, na mama mdogo akamjibu ukweli, kwamba kwetu Waluguru binti ni wa ukoo wa mama yake, na neno ni la mjomba, si lake yeye wala la baba. Sasa Omari akaanza kuzungumzia kurudi Bagamoyo. Mama yake yuko huko peke yake, alisema, chumba kipo, na pwani hakosi kupata jiwe. Alisema nasi tutakwenda pamoja, kama mjomba akikubali. Alisema kwa furaha, akidhani ananifurahisha. Nilimtaka Omari kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Bagamoyo sikuitaka hata kidogo. Nilikuwa nimemwona mama mkubwa mmoja akichukuliwa pwani na mumewe, na aliporudi kutusalimu alikuwa mgeni, hajui tena njia ya kisimani. Sikumwambia Omari. Nilikuna nazi na kuumeza uchungu wangu.

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyegeuza mambo, na wala hakukusudia. Alishuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, akakaa uani, akatoa kisu chake na kijiwe cha rangi ya majivu alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kaniki, akaanza kunoa ili amenye ndizi. Mara moja nikasikia kiti kinasukumwa chumbani. Omari, ambaye hakuwa na desturi ya kuingia uani kwa wanawake, alisimama mlangoni na wembe mkononi.

"Hodi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Utaniua na wembe huo?"

"Hapana, Bibi. Nisamehe. Hilo jiwe la wapi?"

"La Kinole," alisema Bibi.

"Naona ni la kunolea, Bibi. Nauliza linatoka wapi."

"Nimekwambia. La Kinole."

"Sawa, Bibi, la kunolea. Lakini umelitoa wapi?"

Bibi aliweka kisu chini. "Mwajuma, huyu kinyozi wenu hasikii vizuri masikioni?"

Nilikuwa nimekwisha kuanguka kwa kicheko. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipoweza kusema nilimweleza Omari kwamba Kinole ni kwetu, ni mahali, ni kijiji chetu juu kule mlimani, na yeye akasimama palepale uso ukimbadilika, kwanza aibu, kisha kicheko, kisha kitu kingine. Akachutama mbele ya Bibi na kuomba kulishika lile jiwe. Aliligeuza, akalitia tone la maji. Lilikunywa polepole. Lilikuwa dogo, halitoshi wembe, na katikati limelika kwa visu. "Yako mengine?" aliuliza. Bibi akamwambia yapo mtoni, lakini mto ule ni wa ukoo, na hatoi mtu jiwe pale bila mjomba wake Mwajuma kujua. Omari akanitazama. Sote tulifikiri jambo moja, kwamba la jiwe na la posa yote yako kwa Mjomba.

Tulipanda mlimani mimi na Bibi na mama mdogo, Omari akiwa nyuma amebeba sanduku lake. Mjomba Kibwana alikuwa kiongozi wa ukoo wetu, mndewa kama tunavyomwita, mtu mnene mwenye sauti ya chini na ndevu zilizokaa hovyo. Ndevu zile zilikuwa na habari yake. Ngozi yake ilikuwa haivumilii wembe. Kila aliponyolewa kidevu kilivimba vipele, na safari moja aliitwa bomani akiwa hivyo, askari wakamcheka mbele ya majumbe walioitwa pamoja naye. Tangu siku ile hakumpa kinyozi uso wake. Alitupokea kwa ugali na maharage, akamwacha Omari ashibe, ndipo akamwuliza amekuja kwa lipi.

"Nimekuja kwa posa, Mjomba. Na kuomba jiwe mtoni."

"Umekuja kuomba mke au umekuja kuomba jiwe?"

"Yote mawili. Bila jiwe sina cha kumlisha mke."

Wazee waliokuwepo waliguna. Mjomba alikuna ndevu zake muda mrefu. "Basi tuanze na jiwe," alisema. "Ukininyoa nikaamka bila vipele, tutazungumza la pili. Nikiamka navyo, utashuka peke yako."

Kesho yake tuliingia mtoni. Omari alifanya kazi yake kama nilivyomjua, hana pupa. Aliinua jiwe, akaliangalia kwenye jua, akalidondoshea maji, akalitia menoni, akaliweka. Mengi yalimetameta kwa ulanga, na hayo hakuyagusa. Mwishowe akapata moja refu, la kijivu kilichokolea, sura yake nzuri hata mimi nililitamani. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza safari. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni naosha miguu, na bila kufikiri nikalichukua nikalisugulia kisigino, kama wanawake wa kwetu tunavyofanya tukioga. Wanawake wa Kinole tunayajua mawe ya mto ule kwa kisigino. Jiwe zuri la miguu hukwangua, na lisilokwangua tunalitupa upande wa juu wa njia, na pale pana chungu ya mawe yaliyokataliwa tangu enzi za bibi zetu. Jiwe la Omari lilinikwangua vizuri sana mguuni.

"Hili litamchana Mjomba," nilisema.

"Nimelitia menoni, Mwajuma. Ni safi."

"Juu ni safi. Likilika kidogo, ndani lina chembe. Kisigino kinazisikia zinakuja."

Nilipanda kwenye ile chungu ya mawe yasiyofaa miguu. Nilisugua moja baada ya jingine kisiginoni mpaka nikapata ambalo halikufanya kitu chochote, uchafu haukutoka, ngozi haikusikia. Kwa mwanamke anayeoga jiwe lile lilikuwa upuuzi mtupu. Nililiteremsha kwa mikono miwili. Sura yake ilikuwa mbaya, limepinda upande mmoja, na lina doa la kutu. Omari aliyatazama yale mawe mawili. Lile zuri alikuwa amelitafuta miezi, alikuwa amelichagua mwenyewe kwa kila njia aliyofundishwa, na juu ya jiwe hilo palikuwa na mke. Alilirudisha majini. Hakulitupa, alililaza taratibu kama mtu anayerudisha alichoazima, kisha akalipokea langu. Nimekaa naye umri mzima, ametenda mengi mazuri, lakini nikitaka kumwona namwona pale, maji yakiwa magotini, akiliacha jiwe lake kwa sababu nimesema.

Tulilisawazisha pamoja, tukilisugua juu ya mwamba kwa mchanga na maji, kisha kwa mchanga laini zaidi, mpaka uso wake ukawa sawa na doa la kutu likapotea. Omari akaulaza wembe. Tulisikiliza wote. Ilikuwa ile sauti niliyoijua nyuma ya ukuta, nyembamba, moja, na mimi nikageuza uso kwa kuwa machozi yalikuwa yanakuja mbele za watu.

Mjomba alinyolewa asubuhi mbele ya nyumba yake, na nadhani kijiji kizima kilikuwa na shughuli za kupita pale. Omari alimkanda uso kwa maji ya moto na kitambaa kwa muda mrefu hata Mjomba akasinzia. Alipoanza, hakuusukuma wembe. Aliuacha uende kwa uzito wake, akiivuta ngozi kwa kidole, akifuata ndevu zinakolala. Damu haikutoka. Mjomba alijishika kidevu, akajiangalia kwenye kioo, akasema tu, "Tutaona kesho," akaingia ndani. Ilibidi tungoje, kwa kuwa vipele huja baadaye, na siku ile mimi nilitwanga mahindi ambayo hayakuhitaji kutwangwa.

Asubuhi alitoka akiwa amejifunga shuka, akakaa kwenye kigoda, akainua uso kwenye jua mbele ya wazee ili kila mtu aone. Kidevu kilikuwa kitupu na laini. Bibi alipiga kigelegele kabla ya wakati wake, akanyamazishwa. Mjomba akaomba aletewe jiwe. Alilipapasa, akaligeuza.

"Jiwe hili la ile chungu ya wanawake," alisema. "Nani amelichagua?"

Nilimtazama Omari, nikimsihi kwa macho aseme ni yeye. Niliona wazi jambo lilivyokaa. Mjomba alikuwa amefurahi, na mtu mwenye ujuzi ule angepewa chochote alichoomba. Hata Bagamoyo nilikuwa tayari kuimeza kwa wakati ule.

"Ni Mwajuma," alisema Omari. "Mimi nilichagua jingine, Mjomba, nalo lingekuchana uso."

Wazee wakanigeukia. Mjomba aliendelea kulipapasa jiwe.

"Basi Bagamoyo haendi," alisema. "Mtu anayeujua mto huu hivi simtoi nje ya mlima. Una mama yako huko, nimeambiwa, na mama ni mama. Kama unaona vigumu, shuka salama, na jiwe nakupa. Lakini kama unamtaka huyu, wewe ndiye utakayehama."

Kumkosa Omari, nililoliogopa kuliko yote, na kukaa naye kwetu, nililolitaka kuliko yote, yalikuwa yamewekwa pamoja mbele yake. Jiwe alikwisha kupewa. Angeweza kushuka siku ile ile na kuwa kinyozi bora wa pwani. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono ya kanzu imekunjwa, na nilijua anamfikiria mama yake. Kisha akainua uso.

"Mama nitamwita apande gari la moshi," alisema. "Nijenge upande gani, Mjomba?"

Mjomba Kibwana akanionyesha kwa kidevu chake. "Unaniuliza mimi? Mwulize mwenyewe."

Na Omari akanigeukia. Mbele ya Mjomba, mbele ya wazee wa ukoo na Bibi na mama mdogo, akaniuliza nataka mlango wa nyumba yangu utazame wapi, akangoja jibu langu.